Naomba ushauri: sauti yangu inabaki nyuma ya gitaa

Wapendwa, salamu kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Mimi si fundi wa sauti, ni mwimbaji wa kwaya tu. Nimetunga wimbo wangu wa kuabudu na ninataka kuurekodi nyumbani kabla sijapeleka dola zangu studio.

Ninatumia kompyuta ya zamani yenye Audacity, programu ya kurekodi sauti, na maikrofoni ya USB. Ninarekodi gitaa kwanza, kisha ninaimba huku ninalisikiliza. Wakati wa kuimba kila kitu kiko sawa. Nikirudia kusikiliza, sauti iko nyuma kidogo, kama yule mama anayeitikia "amina" wakati wenzake wamekwisha kukaa.

Mwanzoni nilitumia hedifoni za Bluetooth. Nikaambiwa ndizo zinazochelewesha, nikachukua za waya. Tatizo likapungua, halikuisha. Sasa ninaisogeza sauti kwa mkono kwenye skrini mpaka ilingane na gitaa, lakini nikirekodi upya hata ubeti mmoja, kazi inaanza tena.

Halafu chumba chenyewe: kidogo, juu mabati, sauti inavuma kama ndani ya pipa. Nimetundika mablanketi mawili nyuma ya maikrofoni na ninarekodi usiku, watoto wa jirani wakilala. Mvua ikianza, ninazima tu.

Je, kuna namna ya kupima kule kuchelewa mara moja, nikaweka kipimo hicho kwenye programu ili tatizo lisijirudie? Na mablanketi yabaki pale, au niyahamishie nyuma ya mgongo wangu?