Kuwasha upya prosesa moja moja kwenye NonStop bila kukata huduma

swichi_upperhill: Habari wadau. Tuna NonStop (kompyuta kubwa ya HPE iliyoundwa isikatike huduma) ya prosesa 4 (0 hadi 3) inayopitisha miamala ya kadi. Fundi anabadilisha memori za zote kwa zamu. Nianze na ipi, na nitajuaje ni salama kugusa inayofuata?

mlinzi_wa_zamu: Anza na 3. Zile 0 na 1 ziache mwisho, maana aghalabu ndizo zinazobeba jozi ya $SYSTEM, diski kuu ya mfumo (jozi ni programu kuu na akiba yake kwenye prosesa nyingine). Ukizima ya pili kabla akiba haijarudi kwenye ya kwanza, $SYSTEM inapotea na mtambo mzima unalala.

Kwanza endesha amri ya PPD, uhifadhi majibu: yanaonyesha kila jozi iko prosesa gani na akiba yake iko wapi. Kisha kwenye SCF (zana ya kusimamia vifaa), STATUS DISK $* uone hali ya diski zote; diski pacha yoyote ikiwa chini, ahirisha kazi. Hamisha diski kwa mkono: PRIMARY DISK $DATA1, 2. Ndipo usimamishe 3 kupitia OSM (zana ya kusimamia mashine yenyewe). Memori ikishaingia, ipakie upya kwa RELOAD 3, PRIME, ukiwa mtumiaji wa kundi la 255 (wasimamizi wakuu).

jozi_kamili: Naongezea hapo. Prosesa kuonekana iko juu si ruhusa ya kuendelea. Programu kuu lazima iunde akiba upya na kuinakilia hali yake. Zinazosumbua hasa ni programu zilizoandikwa ndani ya kampuni: kama programu haikuita MONITORCPUS (wito wa kuomba taarifa za prosesa), haipati ujumbe -3 wa prosesa kurudi, hivyo inabaki bila akiba kimyakimya. Endesha PPD tena, ulinganishe na ile ya kwanza mstari kwa mstari. Jina moja likikosa akiba, usiguse prosesa nyingine.

swichi_upperhill: Asante sana. Lile chaguo la NOSWITCH kwenye RELOAD je, niliweke?

mlinzi_wa_zamu: Kama miamala ni mingi, weka. Bila hiyo, RELOAD ikimaliza hurudisha vifaa kwenye prosesa vilikopangiwa, vyote kwa mkupuo. Ukiiweka, unarudisha mwenyewe kwa PRIMARY, diski moja moja. Seva za Pathway (mfumo unaoendesha seva za miamala) si jozi: zilizo kwenye 3 zitakufa na TMF (msimamizi wa miamala) itatangua miamala yake, kwa hiyo hakikisha kila kundi la seva lina nyingine hai kwingine. Na usifanye haya mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia.

jozi_kamili: Prosesa ikisimama yenyewe katikati ya kazi, chukua dampu ya memori (nakala ya yaliyomo) kabla ya RELOAD. Ukishaipakia upya, ushahidi umefutika.