Yule mwenye duka la "biashara ya haki" kanivunjia heshima leo mbele ya watu

BiMwani_Paje:
Asalaam aleykum. Nimetoka mjini sasa hivi, natetemeka, hata simu siishiki sawasawa. Simtaji, mnamjua. Yule wa Mji Mkongwe mwenye kibao cha "biashara ya haki", yaani ati mzalishaji analipwa inavyostahiki, kikubwa kama tanga la jahazi.

Nimempelekea sabuni za mwani. Bamvua zima, siku za maji makubwa, umo majini mpaka kiunoni, jua la utosi, uanike, usage, upike na mafuta ya nazi na karafuu. Mzigo wa kabla ya Ramadhani hajanilipa mpaka leo! Namkuta na mgeni, ananitia mkono begani, anamwambia: "Huyu ndiye mama tunayemsaidia."

Mkono begani! Mke wa mtu miye! Ananisaidia nini, naye sabuni anauza kwa dola, miye nalipwa kwa "njoo kesho"? Mgeni akatoa simu akapiga picha, na mkono ungalipo begani.

Garstang, kule Uingereza, walijitangaza mji wa biashara ya haki tangu 2000, wa kwanza duniani. Mji ukitaka jina hilo, baraza lake linapitisha azimio, na chai na kahawa ya vikao vyake inatoka kwa wakulima wanaolipwa inavyostahiki. Mwaka huohuo Mji Mkongwe ukaingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kuta zimepata mlinzi, sisi je? Manispaa wapitishe azimio na wao, na kibao kama kile kisitundikwe bila ya daftari la malipo kukaguliwa. Tunayemsaidia!

Fundi_Darajani:
Bi mkubwa, kwenye picha ulicheka au ulinuna?

BiMwani_Paje:
Nilinuna! Mume wangu akiiona je?

Ukili_Jambiani:
Huyohuyo, shoga! Mikoba yangu ya ukili kaniambia haina kiwango, baadaye naikuta imepangwa dirishani.

Mzee_Wete:
Nyie wa Unguja mnalilia sabuni. Huku Pemba karafuu mnunuzi ni mmoja kwa sheria, shirika la serikali, ukipeleka kwengine ni magendo. Na uzito wa nyumbani na wa kituoni havijapatana hata siku moja.

Kijana_Mkoani:
Mzee, magendo unayajua sana. Shimoni, kule Kenya, hujambo?

Mzee_Wete:
Mtoto huna adabu. Karafuu zangu daraja la kwanza, wameziandika la pili ati zina makonyo, vile vijiti vya shada. Makonyo yapi?

Dereva_Amani:
Karafuu hailiwi. Semeni nazi! Sokoni imekuwa ya matajiri.

Fundi_Darajani:
Wallahi umesema kweli. Jana kwangu wali mkavu, na samaki wa kukaanga.

Dereva_Amani:
Una samaki wewe? Bei gani huko?