Kujitolea Likoni kwa mwaka mmoja: nikae Mji wa Kale, Nyali au huko huko Likoni?

Mgeni wa Dodoma

Habari zenu, ndugu wa Mombasa. Mimi ni muuguzi kutoka Dodoma, na kuanzia mwezi ujao nitajitolea kwa mwaka mmoja katika kituo cha afya ya mama na mtoto kilichoko Likoni. Wanaonipokea watanipa posho ya shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi, na malazi nimeachiwa nijitafutie mwenyewe. Nimepata nafasi tatu. Ya kwanza ni chumba ndani ya nyumba ya familia Mji wa Kale, pamoja na chakula cha jioni, kwa shilingi 9,000. Ya pili ni kitanda katika nyumba ya ghorofa Nyali, ambamo wanaishi wajitoleaji watatu kutoka Ulaya, kwa shilingi 11,000. Ya tatu ni chumba cha peke yangu Likoni, choo cha kushirikiana, kwa shilingi 4,000. Sijawahi kufika Mombasa wala kuishi nje ya Tanzania. Mngekuwa nyinyi, mngechagua ipi?

Mwalimu wa Kisauni

Nyali iondoe hata kabla ya kupiga hesabu. Nyali iko kaskazini, Likoni iko kusini, na kisiwa cha Mombasa, uliko Mji wa Kale, kiko katikati yao. Maana yake ni kwamba kila asubuhi utavuka daraja pamoja na magari yote yanayoingia mjini, utashuka na kupanda matatu nyingine hadi Feri, kwenye kivuko cha kwenda Likoni, utavuka maji, na ng'ambo ya pili utatafuta tena gari au bodaboda ya kukufikisha kazini. Nauli peke yake itakumaliza. Isitoshe, nimewahi kuishi na wajitoleaji wa namna hiyo. Walikuwa watu wema, lakini walikuja kwa miezi mitatu mitatu, na walipoondoka niliachiwa kodi ya vyumba vitupu. Mimi ningepanga Likoni. Feri si kitu cha kukitegemea kila siku ya Mungu kama una njia ya kukiepuka.

Mkaazi wa Kibokoni

Kuhusu Nyali, Mwalimu amesema kweli. Kuhusu feri, ameitazama kwa upande mmoja tu. Mwanangu, asubuhi umati hutoka Likoni kuja kisiwani kutafuta riziki, na jioni umati ule ule hurudi. Ukisimama upande wa Likoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi utawaona wamejazana nyuma ya geti, mikoba wameikumbatia vifuani. Geti likifunguliwa wanateremka mteremko mbio mbio, na wenye mikokoteni wanapiga kelele wapishwe. Sasa wewe ukiishi Mji wa Kale na kufanya kazi Likoni, utakuwa unakwenda kinyume chao. Feri iliyowamwaga watu kisiwani ndiyo itakayokurudisha wewe Likoni ikiwa na nafasi tele, na mtu wa miguu halipi hata senti. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Kinachokula muda ni kungojea, na kungojea kwako kutakuwa kufupi kuliko kwa wengine.

Kwa hiyo usiulize umbali, uliza saa. Zamu za mchana, Mji wa Kale hauna mpinzani: asubuhi mahamri na mbaazi utayapata hatua chache kutoka mlangoni, na soko la Marikiti liko karibu. Tena mwanamke mgeni anayeishi ndani ya familia ana watu wa kumuuliza akichelewa. Ila ujue kwamba nyumba ya familia ina taratibu zake. Utaaga ukitoka, hutaleta wageni usiku, na ukiwakuta katika Ramadhani utaamshwa na vishindo vya daku hata kama wewe hufungi.

Binti Mtongwe

Mimi nimezaliwa ng'ambo hii na sipendi Likoni isemwe kama mahali pa kukimbiliwa au kukimbiwa. Chumba cha 4,000 kinaweza kuwa kizuri sana, lakini dada, kabla ya kulipa uliza mambo mawili. Kwanza, maji. Maji ya mfereji, yaani ya bomba, hapa hayaji kila siku, na maji ya visima vingi yana chumvi. Yanafaa kuoshea, ila chai yake huinywi mara mbili. Ya kunywa na kupikia utanunua kwa muuza maji wa mkokoteni, mtungi wa lita 20 kwa bei ya siku hiyo, na mfereji ukikauka wiki nzima bei hupanda. Pili, njia ya kutoka barabarani hadi mlangoni, kwa sababu mitaa mingine ina taa na mingine haina. Kama zamu zako ni za usiku, kaa huku kwetu. Saa hizo feri hupungua, na kungojea kivukoni peke yako si jambo la kumshauri mtu.

Mpangaji wa Zamani

Nilitoka Iringa kuja kujitolea hapa, kwa hiyo naongeza ambayo wenyeji hawayaoni. Kuingia Kenya kwa pasipoti bila viza si ruhusa ya kufanya kazi, hata isiyolipwa. Wanaokupokea wakuombee kibali. Kwa kazi za hisani kwa kawaida ni kile cha daraja I. Na kwa kuwa utakaa zaidi ya siku 90, utajiandikisha kama mgeni. Laini ya simu utasajili kwa pasipoti hiyo hiyo, maana bila M-Pesa hata kodi utashindwa kulipa.

Lugha nayo isikudanganye. Wiki yangu ya kwanza bibi mwenye nyumba aliniita kutoka uani, "Ndoo!" Nikakimbia bafuni, nikamletea ndoo. Kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, alikuwa ananiambia njoo. Alicheka mpaka akaketi chini, na tangu siku ile hajawahi kuniita kwa jina langu.

Mgeni wa Dodoma

Nawashukuru sana. Nimeuliza kituoni: nitafanya zamu za mchana, isipokuwa usiku mmoja kila wiki. Nyali nimeifuta. Naelekea Mji wa Kale, lakini usiku huo mmoja unanitia wasiwasi.

Binti Mtongwe

Kwenda si shida, kwa sababu utavuka kabla ya magharibi, ingawa safari hiyo utakuwa pamoja na umati unaorudi nyumbani. Shida ni asubuhi, dada. Ukitoka zamu saa moja utaingia katikati ya kundi lile lile alilolieleza Mzee wa Kibokoni, nawe umechoka. Baki kituoni, kunywa chai, vuka saa tatu.

Mkaazi wa Kibokoni

Na siku ya kuja, basi litokalo Tanga hupitia Lunga Lunga na Ukunda, na likija kwa njia ya feri utaiona Likoni kabla ya kisiwa. Mwombe mtu wa kituoni akupokee hapo, akuoneshe kazini ni wapi, ndipo mvuke pamoja na mizigo.

Mgeni wa Dodoma

Nimempigia mama wa Mji wa Kale na tumekubaliana. Swali lake la kwanza lilikuwa kama ninakula pweza. Nimemjibu kwamba Dodoma hatuna bahari, lakini nitajaribu.