Mliotuuzia dreva ya mizani, futeni hicho kigawaji chenu cha kumbukumbu!

Wakuu, nimechoka, na nitasema hapa hapa.

Ghala moja la korosho huku Masasi limefungiwa mizani ya kielektroniki inayoendeshwa na kompyuta ndogo ya Linux, RAM MB 64. Msimu ukichanganya, magunia yamepanga foleni, mkulima kasimama juani anasubiri uzito wake uingie, mashine inaganda. Zima, washa, inaenda kidogo, inaganda tena.

Nikaomba msimbo wa dreva, ile programu inayoiunganisha mizani na Linux, nikaufungua. Jamani! Badala ya kuita kmalloc na kfree, amri za Linux za kuomba na kurudisha kumbukumbu (RAM), kama wenzao wote, wamejitungia kigawaji chao humo ndani cha kugawa kumbukumbu hiyo. Wanachukua bonge la kumbukumbu, wanalikatakata wenyewe, wana orodha yao ya vipande vilivyo wazi, kufuli lao, na njia tatu tofauti za kurudisha kipande. Njia ya nne, ya sensa ikikosea kusoma, hairudishi kitu! Bonge likiisha, wanaomba jingine. Na kumbukumbu iliyovuja, yaani iliyochukuliwa isirudishwe, ndani ya kerneli (kiini cha Linux, dreva inamokaa) hairudi kwa kuua programu. Kerneli ikiishiwa itaua programu zisizo na hatia, dreva imeshikilia vilevile.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Linux ina chombo kiitwacho kmemleak tangu 2009, kazi yake kunasa uvujaji wa namna hii. Hapa inaona bonge zima lina mwenyewe, basi inanyamaza. Vipande vya ndani haivioni. KASAN, chombo cha kunasa matumizi mabaya ya kumbukumbu, nayo haivioni.

Wanajibu eti ni kwa ajili ya kasi. Kasi ipi, kwenye mizani inayosoma mara chache kwa sekunde? SLUB, kigawaji cha Linux kilicho chini ya kmalloc, tayari ina makundi ya vipande kwa ukubwa, baiti 64, 128, 256 na kuendelea, ili kugawa haraka.

Wenye Linux walikuwa na vigawaji vitatu: SLAB, SLOB na SLUB. SLOB ilikuwa mahususi kwa mashine zenye kumbukumbu kidogo sana, na bado waliitoa kwenye toleo 6.4, mwaka 2023. SLAB ikafuata kwenye 6.8, mwaka 2024. Walichoka kubeba kazi ileile mara tatu. SLOB ilipoondoka, kfree ikaruhusiwa kupokea hata kilichotoka kmem_cache_alloc, amri nyingine ya kuomba kumbukumbu, mzigo ukapungua kwa kila mwandishi wa dreva. Wao wamefuta, nyie faili moja mnalikumbatia la nini?

Futeni lote. Mkiomba kumbukumbu kwenye intarapti (kifaa kinapokatiza kazi ya kompyuta, hapasubiriki) wekeni alama ya GFP_ATOMIC, panaporuhusu kusubiri GFP_KERNEL, na bafa ya vipimo, yaani sehemu ya kuvihifadhi kwa muda, ichukuliwe mara moja kwa amri ya devm_kzalloc, itaachiwa yenyewe dreva ikiondolewa. Kiraka, yaani marekebisho ya msimbo, nimeshawaandikia. Wamekikataa, na wanasema tukikiweka wenyewe udhamini umekufa.

Oktoba hiyo inakuja na minada yake. Mdau wa Newala, Tandahimba au Nachingwea aliyefungiwa mizani inayoganda hivi, aseme hapa, twende kwao pamoja.