Naombeni ushauri: hii programu ya mazoezi ya siku 60 mtu anaimaliza aje na jamu ya Thika Road?

Zimma_Dada
Wadau habarini. Naomba mnisaidie mawazo juu nimefika mahali nimekwama. Nafanya Insanity, ile programu ya vidio za mazoezi makali ya kuruka ya mkufunzi Shaun T ya siku 60, nafanyia kwa nyumba, na kila nikianza inaenda vizuri hadi kama wiki ya tatu hivi, alafu siku moja jamu inanishika nafika usiku sana, nakosa, kesho yake nakosa tena, na kwa vile kalenda inasema siku sita kwa wiki naona nimeharibu basi narudi siku ya kwanza, narudia Fit Test, ule mtihani wa kujipima, naanza upya. Sijawahi kuuona mwezi wa pili.

Hali yangu ni hivi. Nakaa Zimmerman, bedsita ya orofa ya tatu. Kazi iko Industrial Area, natoka kwa nyumba saa kumi na moja na nusu asubuhi, mathree ya kwanza hadi tao, ya pili hadi kazini, na kurudi ni saa mbili usiku siku ikiwa nzuri. Jirani wa chini ana mtoto mchanga na ameshampigia keateka kuhusu venye naruka, na namwelewa kabisa. Alafu mbele ya mguu, kwa ule mfupa, panaanza kuuma wiki ikiendelea.

Kinachonisukuma si uzito peke yake. Mamangu ana presha na sukari, nyanyangu alienda na sukari, na mimi nataka mwili wangu ukae sawa nikiwa bado na nguvu. Kwa hivyo tafadhali msiniambie niache nitembee tu. Naipenda hii kitu, siku nimemaliza zoezi nalala vizuri na kesho niko na moyo mwepesi. Nataka kujua mtu anashikilia aje hadi mwisho.

Ruiru_Bypass
Siz ukweli ni mmoja, amka saa kumi. Usiku hauwezi kuutegemea Nairobi hii, kuna mvua, kuna jamu, kuna stima kupotea, kuna bosi amekuambia ubaki kidogo. Asubuhi hakuna mtu anakuita. Weka raba kando ya kitanda, nguo za mazoezi lala nazo, vidio iwe imedownloadiwa kwa simu usingoje bando ya kusumbua. Ukifungua macho usiwaze, bonyeza tu ianze. Mimi nimekaa na hio tabia miaka na imenishika.

Nesi_wa_Usiku
@Ruiru_Bypass naheshimu lakini piga hesabu ya huyu dada. Anafika saa mbili, apike, aoge, apange za kesho, analala saa nne na nusu ikienda vizuri. Aamke saa kumi, hayo ni masaa tano na nusu, kila siku, siku sita, na zoezi la kuruka juu yake. Mtu mzima anahitaji angalau masaa saba. Ukikosa usingizi njaa inapanda, hasira inapanda, na misuli haijengeki vizuri. Asubuhi ni nzuri, ila si kwa bei ya usingizi. Labda siku mbili za katikati ya wiki awahi kulala na aamke mapema, zingine aziweke wikendi.

Ruiru_Bypass
@Nesi_wa_Usiku hapo kwa masaa umenishinda, mimi kazi yangu iko karibu. Lakini siku mbili za asubuhi azishike kabisa, zisiguswe na mtu.

Fizio_Mtaani
Dadangu mimi kazi yangu ni hii ya viungo kwa hivyo wacha niandike kirefu kidogo, nivumilie.

Huo uchungu wa mbele ya mguu, kwa mfupa wa ugoko, unawashika sana watu wa kuruka na kukimbia wakiongeza mzigo haraka. Sasa tazama jambo moja ambalo naona hujalitilia maanani. Hio programu imepangwa hivi: wiki nne za kwanza, alafu wiki moja nyepesi ya kupumzisha mwili, alafu mwezi wa pili ambao mazoezi ni marefu, karibu saa nzima. Ile wiki nyepesi haiko pale kama mapambo, ndiyo inaupa mfupa na misuli nafasi ya kujijenga. Wewe kila ukifika wiki ya tatu unarudi mwanzo. Maanake miguu yako imekula mwezi wa kwanza tena na tena na wiki ya kupumzika haijawahi kufikiwa. Hata mtu mwenye miguu ya chuma ataumia hapo. Kwa maoni yangu kurudi siku ya kwanza ndiko kunakuumiza kushinda hata hizo siku umekosa.

Kwa sasa fanya hivi. Wiki hii yote usiruke, na kama maumivu yanapungua ukipumzika hio ni ishara nzuri. Kama kuna sehemu moja ndogo kwa mfupa ukibonyeza na kidole unashtuka, ama inauma hata usiku umelala, usifanye mazoezi yoyote ya mguu, nenda ukaonwe, inaweza kuwa ufa mdogo kwa mfupa. Ukirudi rudi na raba, si miguu tupu kwa sakafu ya simiti, na mkeka mwembamba wa yoga hausaidii kitu kwa kuruka, ule ni wa kulalia. Tafuta raba nzito kidogo chini, hata za mtumba ziko sawa bora soli haijakufa, ikunje uone, ikikunjika katikati kama chapati achana nayo.

Na kitu cha mwisho, hiki nakisema kwa kila mtu anafanya mazoezi makali. Uchungu wa misuli siku ya pili na ya tatu ni kawaida. Lakini ukiona mkojo umekuwa rangi ya strungi, na misuli imevimba na imelegea huwezi kuinua mkono, hio si ya kungoja asubuhi, enda hospitali hapo hapo, misuli imevunjika na figo ziko hatarini. Kifua kikikaza ama kizunguzungu kikija katikati ya zoezi, simama. Na kwa vile kwenu kuna presha, pimwa yako kwanza, hata kwa kemisti ya mtaani wanapima.

SouthC_Baba
Fizio amesema lile nilikuwa nataka kusema, mimi nitaongeza upande wa kichwa. Kuna watafiti wa University College London walifuatilia watu wakijaribu kujenga tabia mpya, wakachapisha mwaka 2009. Kwa wastani ilichukua siku 66 kitu kuwa mazoea, lakini wengine siku 18 tu na wengine ilikadiriwa wangefika 254. Na kitu kilinifurahisha zaidi, walipata kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana, mtu aliendelea na tabia ikajengeka vile vile. Kwa hivyo hizo siku 60 za kalenda ni mpango wa kampuni iliyotengeneza vidio, mwili wako haukusaini mkataba na hio kalenda.

Sisi Waislamu hii tunaijua kwa vitendo. Mwezi wa Ramadhani ukiingia ratiba yote inahama, huwezi kuruka saa kumi jioni ukiwa na saumu, kwa hivyo mimi huwa nasogeza mazoezi hadi baada ya tarawehe na napunguza, siku tatu kwa wiki, fupi. Idi ikipita naendelea pale nilikuwa. Sijawahi kufikiria kwamba kwa sababu ratiba imehama basi kazi yote ya nyuma imefutika. Ukikosa Jumanne, Jumatano fanya ile ya Jumanne. Ukikosa wiki, rudi nyuma kidogo, rudia wiki ulikuwa unafanya, basi. Pumzi haipotei kwa siku mbili tatu, inaanza kushuka vizuri ukikaa kama wiki mbili hivi bila kufanya kitu.

Na ile Fit Test. Ni mazoezi nane, kila moja dakika moja, unahesabu umefanya ngapi, unarudia kila baada ya wiki mbili hivi. Hio ndiyo kalenda yako ya kweli. Chukua karatasi ya kwanza kabisa uliyoandika na ulinganishe na ya mwisho. Nina uhakika namba zimepanda, na kama zimepanda wewe hujawahi kuanza sifuri hata mara moja.

Keateka_Mstaafu
Nimekuwa keateka wa ploti miaka mingi Kasarani wacha niongee kuhusu jirani. Usingoje akupigie tena. Shuka umwone mwenyewe, mwambie ni saa ngapi unafanya na ni dakika ngapi, umuulize mtoto hulala saa ngapi. Watu wengi hawachukii kelele kama wanajua inaisha saa ngapi, wanachukia kutojua. Alafu ongea na keateka kuhusu juu kwa kuanikia nguo. Ploti nyingi juu kuna nafasi na kuna ukuta, Jumapili asubuhi kabla wamama hawajapanda na nguo unapata nusu saa safi ya kuruka bila kusumbua mtu. Lakini dada usipande peke yako kukiwa giza, na kama ukuta ni mfupi usiruke karibu nao.

Mama_Twins_Umoja
Na si lazima uruke kila kitu. Hata kwa zile vidio kuna watu nyuma wanasimama kupumua na Shaun T mwenyewe anawaambia watu wapumzike wakihitaji. Mimi nina watoto wanalala chumba kimoja na sisi, kwa hivyo nimejifunza kufanya kimya. Pale wanaruka wakifungua miguu na mikono mimi natoa mguu mmoja pembeni alafu mwingine, haraka. Skwati ya kuruka nainua visigino tu nikifika juu. Pushapu, plenki, kukimbiza magoti ukiwa umeshika sakafu, hizo hazina kelele, na ukizifanya bila kupumzika unatokwa na jasho mpaka kwa masikio. Jirani hajui hata kama niko nyumba.

Githeri_Power
Hakuna mtu ameuliza kuhusu chakula. @Zimma_Dada kwani unakula nini kutoka lunch hadi saa mbili usiku? Juu ukifika nyumba na njaa ya masaa saba hakuna mazoezi yatafanyika, utakaa kwa kitanda dakika moja na umeisha. Beba ndizi mbili ama nduma ama njugu karanga kwa mfuko, kula ukiwa kwa mathree ya kurudi. Ukimaliza zoezi kula kitu cha kujenga mwili, mayai mawili ni kama gramu 12 za protini, ndengu, omena, maziwa mala, hata githeri ya jana ukiikaanga ni chakula kamili. Ugali punguza kama unataka lakini usiitoe, zoezi la aina hii linakula wanga. Na maji kunywa mchana wote usingoje kiu ya usiku.

Zimma_Dada
Aki asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. @Fizio_Mtaani hio ya wiki ya kupumzika haikuwa imenijia kabisa na inaeleza mengi. Nimebonyeza mfupa, uchungu umetawanyika hauko mahali pamoja, na usiku hauumi. Presha nitapima kesho nikitoka kazi. @Githeri_Power nakula saa saba alafu hakuna kitu hadi nifike, kwa hivyo umenipata. @SouthC_Baba nimetoa zile karatasi. Namba za ile minyanyuo ya magoti zimepanda vizuri sana na pushapu zimepanda kiasi. Nimekaa nikaziangalia muda mrefu.

Swali moja limebaki. Nikipunguza siku kutoka sita hadi nne, si nitakuwa nimeibadilisha programu yenyewe? Itafanya kazi kweli?

Fizio_Mtaani
Itafanya, ila itachukua muda mrefu zaidi, badala ya miezi miwili iwe kama mitatu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye mazoezi makali dakika 75 hadi 150 kwa wiki, ama yale ya wastani 150 hadi 300. Mara tatu za dakika 40 ni dakika 120. Umeshafika. Mara nne ni 160, umepita. Kwa mtu anaogopa sukari na presha ya familia, hizo dakika zikifanywa mwaka mzima zina maana kushinda siku 60 za moto na miezi sita ya kukaa. Wiki nyepesi usiiruke hata ukijiskia na nguvu, na kwako ningeiweka baada ya wiki tatu.

Nesi_wa_Usiku
Kwa hivyo Jumanne na Alhamisi asubuhi, Jumamosi na Jumapili wakati wowote. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa usiku lala.

Ruiru_Bypass
Naunga mkono. Na Jumanne usijadiliane na kitanda.

Roysambu_Mkimbiaji
@Zimma_Dada tuko majirani karibu. Sisi wamama kadhaa wa Roysambu na Githurai huwa tunaenda Karura Jumamosi asubuhi, tunaingia kwa upande wa Kiambu Road, kuna kiingilio kidogo beba simu ya kulipia. Hapo chini ni udongo, mguu hauumii kama kwa simiti. Mguu ukipoa ufanye zoezi lako la kuruka huko na sisi tukitembea na kukimbia, kila mtu na mwendo wake. Kama uko sawa nitumie inbox nikuambie tunapatana stage gani.

Zimma_Dada
Nimekutumia. Jumamosi hii nitakuja ya kutembea tu, kuruka nitaanza wiki ijayo. Mnaondoka saa ngapi?

Roysambu_Mkimbiaji
Saa kumi na mbili na nusu kamili, kukishapambazuka. Beba maji na sweta, asubuhi huko ndani ya miti kuna baridi.