Mgunga uliokauka karibu na nyumba: niukateje?

Swali: Ndugu zangu, hapa Chamwino nina mgunga uliokauka karibu na jiko. Niukateje, na kuni zake zitafaa lini?

Jibu: Kabla ya kushika shoka tazama juu, kwa maana tawi lililooza huweza kuanguka kwa pigo la kwanza. Chonga pengo upande utakaoangukia, lisizidi theluthi ya unene wa shina, kisha kata upande wa pili juu kidogo, ukibakiza ukanda usiokatwa ambao utauongoza mti. Shina lililooza ndani halina ukanda wa kuaminika, mwite fundi.

Jibu: Usikate siku ya upepo, ambao Dodoma hauna adabu. Pasua magogo, yapange juu ya mawe, yapate kiangazi kizima, Mei hadi Novemba.

Muulizaji: Ahsanteni. Nimeligonga shina, linalia kama ngoma, namtafuta fundi.