Sampuli za samaki na mifugo kwenda TVLA: zifungwe vipi zisiharibike?

KizimbaZiwani
Wakuu, salamu. Sato wakifa kidogo kidogo kwenye vizimba siku kadhaa mfululizo, maabara ipelekewe nini? Huku Ziwa Victoria wengi hugandisha mizoga kwenye friza kwanza. Na hawa Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA), watakuja kutibu?

Hadubini
Kutibu si kazi yao. TVLA ilianza 2012, makao makuu Temeke. Inapima sampuli ili ugonjwa ujulikane kwa ushahidi, inafuatilia milipuko, na Kibaha inazalisha chanjo, ikiwemo ya mdondo wa kuku. Tiba na karantini anza na daktari wa mifugo wa wilaya.

Friza achana nayo. Maji ya ndani ya seli yakiganda huipasua, na kwenye hadubini unaonekana uharibifu wa barafu, kidonda hakionekani. Samaki aliyelala majini amekufa naye hafai: matamvua huoza ndani ya saa chache, na bakteria wa kawaida wa maji humjaa. Chagua 5 hadi 10 wanaoyumba, wanaozunguka au waliotokwa macho, lakini bado wanapumua. Wasafirishe hai kwenye mfuko wa nailoni, maji theluthi moja, oksijeni theluthi mbili.

Matamvua
Naongezea kwa walio mbali. Kata matamvua, ini, figo, wengu na ubongo, vipande visizidi unene wa nusu sentimita, utumbukize kwenye fomalini ya 10%, ujazo mmoja wa nyama kwa kumi wa fomalini. Kipande kinene huoza katikati kabla dawa haijafika. Weka pia ini na ubongo kwenye ethanoli ya 95% kwa ajili ya PCR (kipimo cha vinasaba), maana fomalini huharibu vinasaba. Virusi vya TiLV, vinavyoshambulia sato, vimeshagunduliwa ziwani humo, upande wa Tanzania na wa Uganda.

Ila wakifa wengi usiku mmoja, wakubwa wakitangulia huku wakihema juu ya maji, pima oksijeni kabla jua halijachomoza. Ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita, tatizo ni maji.

DaktariWaZizi
Kwa wafugaji wa ng'ombe na mbuzi: mnyama akifa ghafla, akavimba upesi na kutoka damu nyeusi isiyoganda puani, tafadhali msimpasue. Huenda ni kimeta, na vimelea vyake vikipata hewa hujenga spora (mbegu zenye ganda gumu) zinazodumu ardhini miaka mingi. Mtaalamu mwenye glavu achukue tone la damu kwenye mshipa wa sikio, alipake kwenye slaidi na kulikausha. Mzoga uchomwe, au uzikwe mita 2.

KizimbaZiwani
Asanteni sana. Na maelezo ya kuambatanisha?

Hadubini
Idadi ya samaki kizimbani, vifo vya kila siku, umri, chakula, joto la maji, na dawa zote walizopewa. Hapo kwenye dawa msifiche chochote! Samaki aliyekwisha kula antibiotiki anaweza kuwa mgonjwa kabisa na bakteria wasiote maabara. Chupa isivuje, iingie kwenye mfuko wenye pamba ya kunyonya, kisha kwenye boksi. Pigia kituo cha kanda cha TVLA kwanza uulize kipimo hicho kinafanyika wapi, na usitume Ijumaa, sampuli italala njiani wikendi nzima.